Mtu Aliyeingia Kaburi la Wageni

Kwa miaka saba nilikuwa Mtendaji wa kijiji kimoja cha kata ya Lionja, Nachingwea, na kila mwezi wa miaka hiyo saba nilipeleka taarifa yenye kifungu kinachosema: hali ya ulinzi na usalama ni shwari. Kifungu kilikuja kimeshaandikwa kwenye fomu. Kazi yangu ilikuwa sahihi na mhuri. Mara moja nilikata neno shwari kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni habari ya mapanga yaliyoonekana kisimani, nikapigiwa simu nikaulizwa kama naumwa. Nikajibu kwamba ni malaria kidogo, na mwezi uliofuata tukarudi kuwa shwari.

Katika taarifa zote hizo hakutajwa hata mara moja mtu aliyelifanya neno lile liwe kweli, siku zile chache lilipokuwa kweli. Hakuwa na cheo, hakuwa mjumbe wa kamati yoyote, na kwenye semina alikuja kwa ajili ya soda na hakuficha. Kijiji kizima kilimwita Mtani. Jina lake lipo kwenye daftari la wapiga kura na hapo nitaliacha, kwa sababu hata mkewe alilitumia siku za ugomvi tu.

Kazi yake ilikuwa misiba. Kwa wenzangu wa mjini, mliozoea misiba yenye maturubai na mpiga picha, nieleze kidogo. Kule kusini, kwa Wamwera, mtu akifa, watani wake huja kuharibu shughuli. Wanamtukana marehemu, wanaficha majembe ya kuchimbia kaburi, wanalala juu ya udongo na kudai kitu ndipo azikwe. Waliofiwa wanacheka huku wanalia, wanatoa kuku au kitambaa, na mazishi yanaendelea. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi ni Mpare, kwetu tuna watani wetu na tunajuana nao vizuri, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa bidii namna ile.

Alikuwa mfupi, mwenye koti la suti lililomfika magotini. Koti hilo alilipata kwenye mazishi ya mwalimu mmoja mrefu: alikaa mlangoni tangu asubuhi, akasema jeneza halitoki mpaka marehemu avuliwe uongo wake wa kuonekana tajiri. Siku alipozikwa muuza duka, Mtani alisimama mbele ya mjane na kusema, "Huyu alikuwa anapunguza sukari kwenye kilo. Leo na yeye kapunguzwa." Mjane alicheka mpaka akashikiliwa. Nilikuwa mgeni wakati ule, nikatafuta kwenye sheria ndogo za kijiji kifungu cha kumshtaki, sikukipata.

Mtu huyu asiyemwogopa maiti wala mjane wala mimi, alikuwa anaogopa ng'ombe. Sisemi kwa mfano. Ng'ombe akitokea njiani, hata awe amefungwa kamba, Mtani alipanda juu ya kitu chochote kilichokuwa karibu. Mara moja alipanda meza yangu ofisini kwa sababu dume moja lilikuwa limesimama nje likijikuna kwenye bango la kupambana na rushwa. Alipokuwa juu ya meza aliniambia kwamba amepanda ili aone vizuri kama dari yangu inavuja. Kwa kuwa aliishi miaka mingi katika wilaya ambayo ng'ombe walikuwa wachache, hofu hiyo haikuwa imemsumbua sana, mpaka ng'ombe walipokuja.

Walikuja na Wasukuma, kutoka huko Kanda ya Ziwa, familia moja baada ya nyingine, kila mwaka wengine. Ukiwauliza kwa nini wameyaacha maziwa yote yale na kuja kutafuta maji Nachingwea, walikujibu kwa upole kwamba malisho ya kwao yamekwisha, mvua haieleweki, na kila walipojaribu kukaa njiani walikuta wenzao wametangulia. Waliweka maboma yao kwenye pori la upande wa kwenda Ruangwa. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja mtaratibu, mwenye baiskeli na blanketi la mistari, ambaye watu walimwita Mzee wa Boma. Alikuja ofisini kujitambulisha, akanipa shikamoo mimi kijana, nikaona aibu. Nikamgongea mhuri.

Tatizo ni kwamba mvua ya kwetu nayo haikuwa ikieleweka. Zamani, wenyeji walisema, mvua ilianza Desemba, na visima vya mchangani kule korongoni vilitoa maji mpaka mvua nyingine ikavikuta. Sasa watu walipanda mara mbili, mara tatu, na kufika Septemba wanawake walikuwa wanachimba mchanga mpaka mabegani wapate ndoo moja. Ndoo hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikingojewa na kina mama wa kijiji na ng'ombe wa Mzee wa Boma. Ng'ombe hawapangi foleni. Mwaka wa kwanza kijana mmoja wa kijiji alivunjwa mkono kwa fimbo, na mfugaji mmoja alipasuliwa kichwa. Nikaandika shwari.

Serikali haikulala, wasije wakasema nimewasahau. Tuliletewa semina. Ukumbi ulikuwa darasa la sita, bango la kitambaa lilikuwa refu kuliko ukuta na likakunjwa upande mmoja, hivyo siku nzima tulikaa chini ya neno MABADILIKO YA TABIANCHI NA AMA. Mwezeshaji, kijana msafi kutoka Dar es Salaam, alitueleza kwamba katika nchi tete ukame huwa kichocheo cha migogoro, lakini sisi tushukuru kwa kuwa ni kisiwa cha amani. Mtani alinyanyua mkono, soda yake ya pili mkononi.

"Mwanangu, nimekuelewa. Mhalifu ni mvua."

"Kwa namna fulani, mzee wangu, unaweza kusema hivyo."

"Basi Mtendaji huyo hapo, na mgambo anao. Akamkamate." Watu wakacheka. Yeye akaendelea kwa sauti ileile. "Na hicho kisiwa. Kisiwa si lazima kizungukwe na maji? Sisi maji yenyewe ndiyo tunagombania."

Mwezeshaji akasema hoja hiyo ni nzuri na ataibeba. Aliibeba, kwa kuwa hatukuiona tena. Tukaunda kamati ya amani, kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikapewa fulana. Fulana zilikuwa nzuri sana. Nyingine bado zinavaliwa shambani.

Tukiwa tunatoka, Mtani alinishika mkono akaniambia jambo ambalo nililichukulia kuwa ni soda inaongea. "Sikiliza, Mtendaji. Wangoni walikuja hapa wakawapiga babu zetu, wakachukua wanawake. Leo ni watani zangu, wakinizika watanicheka. Kila utani unaoujua ulianza kwa damu. Sasa mimi najiuliza, hivi tukianza na utani, ile damu hatuwezi kuiruka?" Nilimwambia aandike wazo lake alete kwa maandishi. Nasikia aibu hadi leo.

Hakuandika. Alingoja msiba. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Agosti, alifariki mke mkubwa wa Mzee wa Boma. Nilikwenda kuwakilisha serikali pamoja na mgambo wawili, maana siku tatu kabla watu walikuwa wametupiana mawe kisimani na wanakijiji wengi walisema hawatakanyaga huko. Tulikuta kaburi limeshachimbwa, watu wengi wenye huzuni na fimbo, na maiti iko tayari kutolewa. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na kaburi akapiga yowe. Ndani ya kaburi alikuwamo mtu, amelala chali ndani ya koti kubwa, amefumba macho, anatafuna muhogo wa kuchoma.

Mnielewe kosa lenyewe. Kwetu mtu hufanyiwa hivyo na mtani wake, na wale hawakuwa watani wake. Hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa wana utani na mtu yeyote wa Nachingwea. Walichokiona ni mtu wa kijiji kinachowachukia amelala katika kaburi la mama yao, na kwa watu wengi wa nchi hii jambo hilo lina tafsiri moja tu, nayo si nzuri. Fimbo zilinyanyuka. Nilipogeuka kuwatafuta mgambo wangu niliona migongo yao, tayari wako mbali.

Mzee wa Boma alisogea mpaka ukingoni. "Huyu ni nani?"

Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Ni Mtani, mzee."

"Mtani wa nani?"

Akajibu mwenyewe kutoka chini. "Wenu."

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi. Na huyu mama haingii humu mpaka nijue alikuwa anawezaje kulala nyumba moja na watu wanaonuka maziwa."

Mzee wa Boma alimtazama muda mrefu. Kumbe hata huko kwao Usukumani wana watani wao, na wanajua kabisa mtani anafanya nini kaburini, ila hawakutegemea kumkuta mmoja huku walikohamia. Uso wake ulikunjamana, nikadhani anakaribia kutoa amri, kumbe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, cheko la mtu ambaye hajacheka tangu ahame. Akasema, "Mpeni kuku, atoke. Mfupi huyu atapotea humo ndani." Mtani akakataa kuku, akadai jogoo. Akapewa jogoo. Alipotoka kaburini alikutana uso kwa uso na ndama, akarudi kaburini mwenyewe kwa kuruka, na hapo hata waliokuwa wameshika fimbo walicheka.

Kuanzia siku ile mambo yalibadilika bila kamati. Mzee wa Boma naye alianza kuja kwenye misiba ya kijiji, na baiskeli yake, kutukana marehemu wetu kwa kosa la kufa bila kuacha hata mbuzi. Wanawake walipata visima asubuhi mpaka jua likiwa kali, ng'ombe wakaja mchana, na ng'ombe mmoja akikosea zamu mwenye ng'ombe alitukanwa hadi ukoo, kwa kicheko, akamrudisha. Misimu miwili ya kiangazi ilipita bila mtu kushonwa. Wilayani walinipongeza kwa utekelezaji wa maazimio ya semina. Nikapewa cheti, nikakitundika.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mvivu wa palizi, mwongo katika hadithi zote zinazomhusu yeye, na mlafi. Alikuwa akidai kwamba mtani haombi wala hashtaki, anachukua na kuchukuliwa, na ofisi ni ya watu waliokosa watani. Lakini alipenda zaidi upande wa kuchukua. Jogoo wa Mzee wa Boma waliisha kabla Mtani hajajiuliza siku ya kuchukuliwa yeye itafika lini.

Ilifika mwaka ambao mvua ilikatika Machi ikiwa imeanza juzi. Ufuta wa watu wengi ulikauka ungali mfupi. Wa Mtani, kwa bahati ambayo aliisema kwa kila aliyekutana naye, ulikubali, kwa kuwa shamba lake lilikuwa bondeni. Alikuwa ameshaukata na kuusimamisha kwenye vichanja ukauke, kazi ya familia nzima, chakula cha mwaka mzima kimesimama pale kinangoja kupigwa. Ng'ombe wa boma, kwa kiu, walivunja zizi wakatelemka kufuata bonde. Asubuhi hapakuwa na kichanja hata kimoja kilichosimama.

Alikuja ofisini na panga, bila koti. Nyuma yake walikuwa vijana wa kijiji, wengi, kimya, wengine wamevaa fulana zetu za amani.

"Andika," akaniambia.

Nilikuwa na daftari mbele yangu. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujinga au ushujaa. "Mzee, si ulisema mtani hashtaki?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Akatoka, akaelekea maboma, na wale vijana wakamfuata, nami nikawasha pikipiki nikawafuata nikijua kwamba nimemtuma mtu kwenda kuua. Neno lake moja tu lilitosha. Vijana wale hawakuwa na ufuta wala maji, na walikuwa wakilingoja neno hilo kwa misimu mitatu.

Kule bomani walikuwa wametuona tangu mbali. Wanaume walijipanga mbele ya zizi na fimbo na mikuki. Kisha Mzee wa Boma akapita katikati yao, polepole, akatandika blanketi lake la mistari mavumbini mahali ambapo makundi mawili yangekutana, akajilaza, akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Mtani," akasema akiwa amefumba macho, "mimi nimeshakufa. Nimekufa kwa aibu. Nizike."

Mtani alisimama juu yake na panga. Ng'ombe walikuwa hatua kumi, nyuma ya ua wa zizi, wanachungulia, na kwa mara ya kwanza hakuwaangalia. Alikaa hivyo mpaka mmoja wa vijana akakohoa. Halafu akaanza, kwa sauti iliyopasuka. "Mtazameni huyu. Kaja kutoka ziwani, ziwa zima, anakuja kufia huku penye vumbi. Ng'ombe wake wamekula mwaka wangu wote, na yeye mwenyewe mbavu zinahesabika. Hata kuiba hajui, anaiba kwa tumbo la ng'ombe." Alikuwa anatukana na analia, analia kweli, kamasi zinamtoka, na hakuacha kutukana mpaka akapiga magoti pembeni ya blanketi. Panga lilibaki chini. Hakuna aliyemcheka. Lakini huwezi kumpiga mtu ambaye mtani wake anamlilia, na vijana, waliolelewa kwenye misiba hiyohiyo, walilijua hilo kuliko nilivyolijua mimi. Wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Mzee wa Boma alimpa maziwa mwaka ule wote, kila asubuhi. Ufuta haukurudi. Mtani na mkewe walikula muhogo mpaka msimu mwingine, na koti lile likazidi kuwa kubwa. Nani alilipia amani ya kijiji changu, najua. Taarifa ya mwezi ule mnajua ilisemaje.

Nilihamishiwa Matambarale, wilaya ya Ruangwa, nikiwa na cheti changu. Huko nako wafugaji walikuwa wameshafika, na mvua ilikuwa ileile. Mwaka jana mambo yaliharibika: mtu alikatwa bega kisimani, nyumba mbili zikachomwa, kila upande ukawa unanoa. Tulikuwa na kamati, na fulana za rangi nyingine. Kisha bibi mmoja mzee wa upande wa wafugaji akafa kwa homa, mazishi kesho yake, na kila mtu alijua kwamba makundi yote mawili yanayangoja. Nikapanda pikipiki asubuhi hiyo kwenda Lionja kumchukua Mtani.

Nilimkuta kwenye mkeka mbele ya nyumba, amejifunika koti. Kifua kilikuwa kinamlia. Nikampa shikamoo, nikamwuliza habari za Mzee wa Boma.

"Kaondoka. Korongo limekauka kabisa, akasema anafuata maji mbele. Alikuja kuniaga, nikamtukana mpaka barabarani." Akakohoa. "Nimemtengeneza mtani kwa mikono yangu, na mvua imenichukulia."

Nikamweleza ya Matambarale. Nikamwambia pikipiki iko tayari, nitamfunga na kanga mgongoni asidondoke. Akanitazama kwa kitu ambacho, kwa mtu mwingine, ningekiita huruma.

"Mimi hata choo nafika kwa kushikwa. Wewe je?"

"Mimi ni mtumishi wa serikali, mzee. Mtu wa kuja. Sina utani na mtu hapa, si Wamwera wala Wasukuma."

"Ndiyo maana unafaa."

"Wanaweza kuniua."

"Wanaweza," akakubali. Akafumba macho, nikadhani amelala. "Miaka yote ile hukujiuliza kwa nini sikuwahi kukutania hata siku moja?"

Nilikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimeumia, nikitaka kusema kweli. Aliwatania wote, hadi mwezeshaji, isipokuwa mimi.

"Nilikuwa nakungoja ufike," akasema. "Haya, nenda, we Mpare. Mbahili hata wa kufa."

Nilicheka, nikanyanyuka. Mkewe alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akanifungia muhogo wa kuchoma ndani ya gazeti bila kuulizwa.

Kesho yake kule Matambarale kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye udongo mkavu mwekundu. Wafugaji walikuwa upande mmoja, wanakijiji wamesimama mbali kidogo, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Nilipita katikati yao na shati langu la ofisini. Nilivua viatu, nikavipanga vizuri ukingoni, mazoea hayo. Kisha nikashuka, nikalala chali, nikafungua gazeti nikaanza kutafuna, na huko juu nikasikia mtu anauliza huyu ni nani.